Daktari Aliyeuliza: Masomo ya Udaktari Yanapoanza na Mgonjwa Badala ya Kitabu

Mtoto wa dada yangu alitibiwa malaria mara nne kabla hajatimiza miaka miwili. Kila mara ilikuwa hivyo hivyo. Joto linapanda, mtoto analia usiku kucha, asubuhi mamake anambeba hadi zahanati, wanapewa dawa na kurudi nyumbani. Siku chache anachangamka, halafu mambo yanaanza upya. Sisemi kulikuwa na mtu mwenye nia mbaya. Huku kwetu Pwani ukitaja homa ya mtoto, malaria ndiyo inayokuja kichwani mwanzo, na mara nyingi huwa ndiyo kweli.

Mara ya tano tukampeleka hospitali kubwa. Tulipokewa na binti mdogo, daktari aliyetoka chuoni karibuni na aliyekuwa katika mwaka wake wa mazoezi. Hakukimbilia kuandika. Aliishika mikono ya mtoto, akaitazama kidole kwa kidole, kisha akamgeukia dada yangu.

"Mama, hivi vidole viliwahi kufura?"

Dada akasema ndiyo, mikono na miguu, alipokuwa na miezi minane. Tukadhani ameumwa na mdudu.

"Na macho, huwa yanageuka manjano?"

Aliyejibu ni mamangu. "Huwa, mwanangu. Nikafikiri ni uchovu wa homa."

"Bibi, katika ukoo wenu pana mtoto mwengine aliyekuwa akilia mifupa namna hii?"

Hapo mama alinyamaza. Alimkumbuka mdogo wake aliyefariki angali mtoto, ambaye wazee walisema alikuwa na maradhi ya baridi. Damu ilichukuliwa, na majibu yakaja kwamba mtoto ana selimundu, yale maradhi ya kurithi ambayo chembe nyekundu za damu hupinda mfano wa mundu.

Nilipokwenda kumshukuru yule daktari nilimuuliza alijuaje. Akacheka. "Sikujua, ammi. Nilijiuliza tu ni kitu gani kinaweza kuleta haya yote kwa pamoja. Ndivyo tulivyozoeshwa tangu tuingie chuo." Akaniambia alisomea Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na kwamba huko masomo mengi huanza na kisa cha mgonjwa kabla ya mhadhara.

Mimi si daktari. Nina diploma yangu, niliyoipata kwa kunakili noti za mwalimu na kuzikariri usiku wa kuamkia mtihani. Kwa hivyo jambo hilo lilinishangaza, nikaingia kusoma habari zake. Haya ndiyo niliyoyapata.

Ilivyokuwa kabla

Mfumo wa kusomesha madaktari ambao dunia kubwa iliufuata katika karne iliyopita una uhusiano na ripoti moja ya mwaka 1910. Aliyeiandika ni Abraham Flexner, Mmarekani ambaye kazi yake ilikuwa ualimu, si udaktari. Alizunguka vyuo vyote 155 vya udaktari vya Marekani na Kanada, akakuta vingi ni biashara tupu: hakuna maabara, hakuna wagonjwa wa kufundishia, ada ikilipwa shahada inatoka. Baada ya ripoti ile vyuo dhaifu vingi vilifungwa. Vilivyobaki vilishika utaratibu mmoja: kwanza miaka miwili ya sayansi darasani na maabarani, kisha miaka miwili ya kushughulika na wagonjwa wodini.

Utaratibu huo uliokoa watu wengi na matapeli. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, elimu ya tiba ilipanuka na ile miaka ya mwanzo ikajaa. Mwanafunzi alikaa na maiti, darubini na vitabu muda mrefu bila kuonana na mgonjwa, akikariri majina ya mishipa na mifupa asijue atayatumia wapi. Akifika wodini, mengi yalikuwa yameshapotea. Aliyebakiwa nayo mara nyingi hakuweza kuyaunganisha na mtu aliyelala mbele yake akilalamika kwamba tumbo linamuuma.

Hamilton, 1969

Mabadiliko yalianzia mahali ambapo hapakuwa na chuo cha udaktari cha kubomolewa. Hamilton ni mji wa viwanda vya chuma katika jimbo la Ontario, Kanada. Miaka ya 1960 Kanada ilikuwa ikitafuta madaktari zaidi kwa ajili ya mpango wake wa afya kwa wote, na Chuo Kikuu cha McMaster kikaamua kufungua kitivo cha udaktari. Mwaka 1965 kilimteua mkuu wa kitivo aitwaye John Evans, kijana wa miaka 35. Evans akakusanya kundi dogo la wenzake, miongoni mwao William Spaulding, Fraser Mustard na James Anderson. Kwa kuwa walianza na kiwanja kitupu, walikuwa huru kuuliza swali ambalo vyuo vikongwe havikuthubutu: daktari anahitaji kujua nini, na anajifunza vipi?

Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1969. Walikuwa 20 tu. Hawakupangiwa somo la anatomia peke yake na somo la kemia ya mwili peke yake. Waligawanywa vikundi vidogo, kila kikundi na mkufunzi wake, wakapewa kisa cha mgonjwa na kuambiwa watafute wenyewe wanachohitaji kujua ili wakielewe. Masomo yalikuwa ya miaka mitatu, na hapakuwa na ule mlolongo wa mitihani ya alama tuliouzoea. Chuo kilipokea hata watu ambao hawakuwa wamesomea sayansi. Kundi hilo la kwanza lilihitimu mwaka 1972.

Jina linalotajwa zaidi katika habari hizi ni la Howard Barrows, daktari wa mishipa ya fahamu kutoka Marekani. Wengine humwita baba wa mtindo huu, ingawa McMaster walikuwa wameshaanza alipojiunga nao. Mchango wake ulikuwa wa kueleza kwa nini mtindo unafaa na kuufanya uweze kufundishika kwingine. Kabla ya hapo, mwaka 1963 akiwa Los Angeles, alikuwa amebuni jambo jengine linalotumika hadi leo: mgonjwa wa kuigiza. Alimfunza mtu mzima wa afya kuigiza dalili za ugonjwa fulani, ili wanafunzi wamhoji na kumpima, kisha yeye awaambie walivyomtendea. Mwaka 1980 yeye na Robyn Tamblyn walitoa kitabu kuhusu mtindo huu, na vyuo vingi vikajifunza kutokana nacho. Kwa Kiingereza mtindo wenyewe hufupishwa PBL. Kwa Kiswahili tunaweza kusema ni kujifunza kwa kuanzia na tatizo.

Habari zikasafiri. Maastricht, Uholanzi, walianza na mtindo huu mwaka 1974. Newcastle ya Australia wakafuata mwaka 1978, na chuo cha New Mexico kule Marekani mwaka 1979. Mwaka 1985 Harvard, chuo chenye jina kubwa kuliko vyote hivyo, kikaanzisha njia yake mpya iliyochanganya vikundi vidogo na mihadhara. Barani kwetu, Chuo Kikuu cha Mfereji wa Suez kule Ismailia, Misri, kilikuwa miongoni mwa vya mwanzo. Moi, Eldoret, walipokea wanafunzi wao wa kwanza wa udaktari mwaka 1990 wakiwa na mtaala wa aina hii, pamoja na utaratibu wa kuwapeleka wanafunzi vijijini wakajifunze maradhi pale yanapotokea. Makerere ya Uganda, chuo cha zamani kilichokuwa kimekomaa katika mihadhara, nacho kiligeuka mwaka 2003.

Kikao chenyewe kinavyokwenda

Njia inayofuatwa sana ni ile ya Maastricht, yenye hatua saba. Ili ieleweke, tuchukue kisa nilichokitunga mwenyewe kutokana na yale ya nyumbani kwetu.

Wanafunzi wanane wamekaa wameizunguka meza. Mmoja ni mwenyekiti, mwengine anaandika ubaoni, na mkufunzi amekaa pembeni. Wanapewa karatasi yenye maneno machache: mtoto wa miezi 20 ameletwa na mamake kutoka kijiji cha Pwani. Ana homa ya siku mbili, analia akiguswa miguu, macho yana umanjano. Ametibiwa malaria mara kadhaa.

Hatua ya kwanza ni kuelewana maneno. Umanjano wa macho unaitwaje kitabibu, na unatokana na nini? Ya pili ni kukubaliana tatizo ni lipi. Hapa tatizo si homa peke yake. Ni homa inayorudi, pamoja na maumivu ya mifupa, pamoja na umanjano. Ya tatu, kila mmoja anatoa alichonacho kichwani bila kuogopa kukosea. Mmoja anasema ni malaria, kwa sababu nayo huvunja chembe za damu. Mwengine anasema ni ini. Wa tatu anasema mfupa umeingiwa na vijidudu. Wa nne anauliza kama damu yenyewe ina kasoro. Ya nne, wanayapanga hayo: lipi linaeleza dalili zote, lipi linaeleza moja tu? Ya tano, wanaandika wasiyoyajua. Chembe nyekundu huzaliwa wapi na kufa vipi? Himoglobini ni kitu gani? Kasoro yake hurithiwa vipi? Kipimo gani kinathibitisha? Mzazi ataambiwaje?

Hapo kikao kinafungwa. Hatua ya sita ni kila mmoja kwenda maktaba, maabara au kwa mtaalamu, akasome. Ya saba, baada ya siku chache wanarudi, na kila mmoja anaeleza alichopata huku wenzake wakimhoji.

Tazama watakachorudi nacho kutokana na mtoto mmoja. Watajua kwamba himoglobini yenye kasoro hufanya chembe kuwa ngumu na kupinda, ikaziba mishipa midogo, na hapo ndipo yanapotoka maumivu na kufura vidole. Watajua kwamba chembe hizo hufa mapema, na ndiyo maana damu hupungua na macho kugeuka manjano. Watajua kwamba wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kutoa mtoto mgonjwa, nao wazazi wenyewe wanaweza kuwa wazima kabisa.

Tena watakutana na Anthony Allison, daktari aliyekulia hapa Kenya. Mwaka 1949 alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi, akaona wabebaji ni wengi zaidi Pwani na karibu na Ziwa Victoria kuliko nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mbebaji wa jeni moja hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo sababu maradhi haya yamekaa mahali pamoja na mbu. Lakini mtoto mwenye selimundu yenyewe hana kinga hiyo, na malaria ikimpata humdhuru sana. Kwa hivyo zahanati haikukosea kumpima malaria. Tatizo ni kuwa hakuna aliyeuliza la zaidi.

Kuna sababu inayofanya kikao hiki kishike kichwani. Henk Schmidt, mtafiti wa Maastricht aliyeandika kuhusu hatua hizo saba mwaka 1983, alieleza kwamba mtu akianza kwa kutoa anachokijua, hata kama ni kidogo au kina makosa, elimu mpya hupata pa kujishikiza. Na akilazimika kuieleza kwa mdomo wake, inazidi kukaa.

Kazi ya mwalimu, na kazi ya kukariri

Nilipowasimulia wenzangu barazani, mmoja alisema huo ni uvivu wa walimu: wanafunzi wafundishane wenyewe, mwalimu anywe chai. Si hivyo. Mkufunzi anakijua kisa chote na mahali pa kufika, lakini anajizuia kusema. Kikundi kikipotea anauliza swali linalokirudisha. Mmoja akiwaburuza wenzake, anamtuliza. Mwengine akinyamaza, anamvuta. Aliyezoea kuhutubia huona taabu sana kukaa kimya, na vyuo hulazimika kuwafunza wakufunzi kazi hiyo.

Sisi tuliopita madrasa hatupaswi kuliona jambo hili geni. Kuna hadithi maarufu ambayo Mtume (S.A.W.) aliwauliza masahaba ni mti gani usiopukutisha majani yake, ambao mfano wake ni kama Muislamu. Watu wakawaza miti ya nyikani. Kijana Abdullah bin Umar jibu lilimjia moyoni, kwamba ni mtende, lakini akaona haya kusema mbele ya wakubwa. Mtume hakuanza kwa kuwapa jibu. Aliwauliza, akawaacha wafikiri, kisha akawaambia. Na babake Ibn Umar alipopata habari, alisema angependa sana mwanawe angelisema.

Haya hiyo ndiyo inayowabana vijana wetu wengi katika vikundi. Mtoto wa Pwani hufunzwa kunyamaza wakubwa wakizungumza. Ni adabu njema, lakini wodini inaweza kumgharimu mgonjwa, pale daktari mdogo anapoliona kosa la mkubwa wake akalimeza.

Wala kukariri si adui. Aliyehifadhi Juzuu Amma utotoni anajua faida yake mpaka leo. Daktari naye lazima awe na mambo kichwani. Hawezi kufungua kitabu huku mgonjwa anatokwa na damu. Tofauti ni kwamba anayekariri baada ya kuona haja, anajua mahali pa kutumia.

Upande wa pili

Sitakuwa mkweli nikisifu tu. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti za miaka 20 na kuzilinganisha. Waliona wanafunzi wa mtindo huu hupenda masomo yao zaidi na hufanya vizuri kidogo kwa wagonjwa, lakini katika mitihani ya sayansi za msingi baadhi yao hubaki nyuma. Mwaka 2000 Jerry Colliver aliandika kwamba hakuona ushahidi wa kutosha kuwa gharama yake inalipa. Mwaka 2006 Kirschner, Sweller na Clark wakasema wazi kwamba mwanafunzi mchanga anahitaji kuelekezwa, na kumwacha atafute mwenyewe ni kumchosha akili. Kwa upande mwengine, mapitio yaliyotoka Singapore mwaka 2008 yaliwatazama madaktari waliokwisha hitimu, yakaona mtindo huu umewafaa, hasa katika mawasiliano na wagonjwa na katika kukabiliana na mambo yasiyo na uhakika.

McMaster wenyewe walionja. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1980, wahitimu wao wengi kuliko ilivyotarajiwa walikuwa wakianguka mtihani wa taifa wa leseni. Hawakuutupa mtindo, na hawakukana tatizo. Waliazima kutoka Maastricht mtihani wa maendeleo, ambao wanafunzi wa miaka yote hufanya karatasi ile ile kila baada ya miezi kadhaa, na kila mmoja huona amepanda kiasi gani. Walioanguka wakapungua sana.

Kisha kuna gharama. Darasa la watu 100 linatosha kwa mhadhiri mmoja na kipaza sauti. Kwa vikundi vya watu wanane utahitaji wakufunzi kumi na wawili au kumi na watatu, vyumba kama hivyo, vitabu na intaneti ya kutosha. Chuo kikiongeza wanafunzi bila kuongeza wakufunzi, kikundi cha wanane kinakuwa cha ishirini. Watatu wanazungumza, wengine wanatazama simu, na jina la mtindo linabaki kwenye makaratasi.

Hili naliona kubwa, na halihusu udaktari peke yake. Sasa kila mzazi Kenya anasikia habari za mtaala wa umilisi, mtoto atafute, mtoto avumbue. Anayetuambia hivyo tumuulize kama Hamilton walivyojiuliza: mwalimu yuko wapi, watoto ni wangapi darasani, vitabu vipo? Mtoto hawezi kuvumbua katika chumba chenye watu 70.

Kwa mgonjwa na mzazi

Hatuwezi kuchagua daktari wetu alisomeshwa vipi. Tunachoweza ni kumpa kisa kizima. Ukimpeleka mtoto, usiseme "ana malaria" kama sisi tulivyokuwa tukisema mara zote nne. Sema ulichokiona: joto lilianza lini, limerudi mara ngapi, nini kingine kilikuwapo, na nani katika ukoo aliwahi kuwa hivyo. Hata yale ya ndoa za binamu na watoto waliofariki wadogo, ambayo hatupendi kuyataja mbele ya watu, yataje. Na ukiona hujaelewa, uliza kwa adabu: daktari, kuna jambo jengine linaloweza kuwa?

Mtoto wetu sasa ana miaka mitano. Anakunywa dawa zake kila siku, analala ndani ya neti, ana tarehe zake za kliniki, na ni mtundu wa kupanda kuta. Yule daktari alimaliza mwaka wake wa mazoezi, akapelekwa kwengine. Mama humwombea dua kila baada ya swala, na hajui hata jina lake la pili. Humwita tu yule binti aliyeuliza.